Ikiwa Hapana, Ruka

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Chelimo hakuponzwa na ulimi. Ulimi wake ulikuwa mpole kupita kiasi, na laiti ungekuwa mkali siku moja tu, dakika moja tu, mambo yangekuwa mengine. Kilichomponza yeye ni mwandiko.

Alikuwa na mwandiko wa mviringo, safi, uliokaa kwenye mstari kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Aliupata katika shule ya msingi kijijini Ziwa, kwa mwalimu aliyewachapa vidole, na ukamfuata hadi kidato cha nne, ambako alipata alama za kutosha kutoaibika na zisizotosha kwenda popote. Miaka tisa alifundisha darasa la pili bila cheti, hadi wenye vyeti walipoletwa na yeye akaambiwa asante. Mumewe, Stephen, aliendesha lori la mbao. Siku moja alipeleka mbao Malaba na njia ya kurudi ikampotea. Chelimo hakumlilia sana. Alihamia Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, akakodi chumba, akawa anafuma sweta za watoto wa shule, na kila Jumamosi akawa anakwenda Ziwa kumwona mama yake. Watu waliendelea kumwita Mwalimu, kwa heshima au kwa mazoea, na yeye hakuwasahihisha.

Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, mbishi, aliyefanya kazi miaka mingi jikoni kwa mzungu mwenye shamba, siku zile kabla ya Uhuru. Kiswahili chake alikiokota huko jikoni, na ndicho alichobaki nacho: mimi hapana taka, mimi hapana jua, maziwa hapana iko. Vijana walimcheka. Yeye aliwajibu kwamba kwa Kiswahili hicho hicho amelisha watoto, je, wao na chao wamelisha nani?

Mama huyo alikuwa na presha. Aliyeigundua ni Nicholas, tabibu wa zahanati ya pale, ambaye watu wote walimwita daktari naye akakubali. Nicholas alikuwa na mashine moja ya kupimia na boksi la vidonge alilolipata kwa kuwabembeleza wakubwa, na kila Alhamisi akina mama wenye presha walipanga foleni nje ya dirisha lake. "Mama, hii presha yako si ya mchezo," alimwambia. "Usiwache dawa hata siku moja." Mama hakuwahi kuacha. Mambo mengine alibishana nayo, lakini vidonge vile alivimeza kila asubuhi na chai, kwa utiifu ambao hata kanisani hakuwa nao.

Mwaka 1988, mvua za Mei zikiwa zimeshika, Nicholas alimwita Chelimo kando.

"Mwalimu, serikali inafanya utafiti nchi nzima," akamwambia. "Wanataka kuhesabu watu wa magonjwa ya kudumu. Presha, sukari, pumu. Na si ugonjwa tu. Wanauliza mtu analala kwa nyumba gani, anakunywa maji gani, alisoma mpaka wapi, ndio waone umaskini na ugonjwa vimeshikana aje. Mahali watapata wagonjwa wengi, dawa itakuja na lori. Mahali hawatapata, hata hii kidogo itatolewa. Wanatafuta makarani mjini. Enda, tafadhali. Wewe unatujua."

Chelimo akaenda. Mtihani wa kuajiriwa ulikuwa kunakili ukurasa mmoja, na mtu aliyeusahihisha alipoona mwandiko wake hakutazama kitu kingine.

Mtu huyo alikuwa Jeconia, msimamizi aliyetumwa kutoka Nairobi, mrefu, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo shida yake. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Aliwafunza wiki nzima katika ukumbi wa kanisa moja mjini Eldoret, na somo la kwanza alilifungua kwa methali: mficha maradhi, kilio humfichua. "Sisi tunataka kuyafichua kabla ya kilio," alisema, na makarani wakapiga makofi.

Sheria ya kazi ilikuwa moja, na aliirudia hadi wakaiota. Swali linasomwa jinsi lilivyoandikwa. Asiyeelewa, unamsomea tena. Mwisho mara tatu. Huelezi, huongezi, hupunguzi, hutafsiri.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ukurasa wa sita ulikuwa na swali la ishirini na saba: *Je, umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kuwa una shinikizo la damu?* Moja, Ndiyo. Mbili, Hapana. Na chini yake, kwa herufi kubwa: IKIWA HAPANA, RUKA HADI SWALI LA 34. Yale maswali ya katikati yalikuwa ya muuguzi mwenye mashine. Mashine ilikuwa moja kwa kikosi kizima, haikuweza kumpima kila mtu, hivyo iliwapima waliosema Ndiyo peke yao.

Karani mmoja, Kipkorir, aliinua mkono. "Shinikizo ni nini?"

"Ni presha," Jeconia akajibu. "Hiyo ni Kiswahili sanifu."

"Sasa si tuseme tu presha, supavaiza? Huku kwetu hata kuku wanajua presha."

Ukumbi ukacheka. Jeconia hakucheka. "Wewe ukisema presha hapa, na mwingine aseme shinikizo kule Lamu, na mwingine aseme neno lake kule Busia, hayo ni maswali matatu. Tutalinganisha nini na nini? Wenye kuandika hii fomu walikuwa wamesoma kuliko sisi. Soma kama ilivyo."

Chelimo aliona ana haki. Yeye mwenyewe aliwafunza watoto kunakili ubao bila kubadilisha hata nukta.

Lakini walioandika fomu, pamoja na usomi wao, hawakuwa wamesimama kwenye mlolongo. Mwezi wa tatu mwaka huo huo watu walipiga kura kwa kujipanga nyuma ya picha za wagombea, mchana kweupe, chifu akiangalia, na kila mtu alijua jirani yake alisimama nyuma ya nani. Waliokosea foleni walikuwa bado wanalipia kwa njia ndogo ndogo. Na neno shinikizo, kwa mtu wa Eldoret mwaka ule, lilitoka redioni tu, katika taarifa ya habari: fulani ameshinikizwa, fulani amekana kwamba alishinikizwa. Sasa anakuja mgeni na fomu ya serikali, nyuma yake gari lenye nambari za serikali, anakuuliza kama una shinikizo. La damu, tena! Nani mwenye akili zake atajibu Ndiyo?

Nyumba ya kwanza ya Chelimo ilikuwa pale pale Yamumbi, kwa Warigia, mjane wa Kikuyu mwenye duka dogo la sukari, chumvi na mafuta ya taa. Chelimo alimjua. Alijua miguu yake inavimba, na alijua kwamba nyuma ya pakiti za majani chai palikuwa na bahasha ya vidonge vya presha, kwa maana siku moja aliitiwa kumsomea maandishi yake. Alimsomea swali la ishirini na saba. Warigia akaacha kupima sukari.

"Mimi?" akasema. "Hapana, Mwalimu. Hakuna mtu amenishinikiza. Andika hapo, Warigia yuko sawa na serikali."

Chelimo aliitazama bahasha. Alisoma tena, polepole. Warigia akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amemsingizia. Ikabidi Chelimo azungushie mbili na kuruka hadi thelathini na nne, swali la choo.

Jioni alimweleza Jeconia. Alieleza kwa upole, kama kawaida yake, akiomba radhi kabla hata ya kukosea. Jeconia alimsikiliza, akasema atalipeleka Nairobi wazo hilo kwa utafiti ujao. Utafiti ujao!

Siku ya tatu Kipkorir alifukuzwa. Jeconia alikuwa na desturi ya kurudi katika nyumba moja kati ya tano kuhakiki, na bibi mmoja alimwambia kwamba kijana wa jana aliuliza vizuri, aliuliza presha. Fomu zote za Kipkorir zilichanwa mbele ya wenzake, na kijana akaachwa barabarani achukue njia yake. Tangu hapo makarani walisoma kama kasuku. Hapana, ruka. Hapana, ruka. Muuguzi wa kikosi, mama mnene mcheshi kwa jina Nanzala, alikaa ndani ya Land Rover na mashine mapajani akifuma kitambaa, na wiki mbili hakupima watu zaidi ya wanne.

Kwa upande wake, Chelimo alianza kusifiwa. Fomu zake hazikuwa na doa. Jeconia aliziinua mbele ya kikosi, akasema waziwazi kwamba kazi hii ikiisha atampendekeza aajiriwe moja kwa moja katika ofisi yao ya Eldoret. Kazi ya kudumu! Chelimo alikuwa na miaka thelathini na sita na hakuwahi kuambiwa neno kudumu kwa jambo lolote jema. Usiku ule furaha ilimnyima usingizi, na asubuhi alijichukia kidogo, lakini si sana.

Orodha ya nyumba zilizochaguliwa ilikaa ndani ya bahasha iliyofungwa, ikafunguliwa kila asubuhi garini, ili karani asije akawaandaa watu. Asubuhi waliyofika Ziwa, Jeconia alipofungua na kusoma, jina la nne lilikuwa la mama yake Chelimo.

"Huyo ni mzazi wangu," Chelimo akasema. "Mpe mtu mwingine, tafadhali."

Makarani wengine walikuwa wamepelekwa upande wa Timboroa. Jeconia alifikiri, akasema sheria inaruhusu, mradi msimamizi awepo na Kiswahili kitumike. Basi akaingia naye, akasimama pale mlangoni na tai yake, mikono nyuma.

Mama alikuwa anasafisha kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandishwa. Alifurahi kumwona bintiye siku isiyo Jumamosi, kisha akamwona Jeconia na furaha ikakunjwa ikawekwa. Chelimo aliuliza sakafu ni ya nini. Samadi. Maji mnatoa wapi? Mtoni. Mama alisoma hadi darasa la ngapi? Hapana soma. Maswali yale ya umaskini yalimuuma Chelimo kuliko alivyotazamia. Nyumba aliyozaliwa ndani yake ilikuwa inageuka nambari mkononi mwake, na nambari zote zilikuwa za chini. Kisha akafungua ukurasa wa sita.

"Je, umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kuwa una shinikizo la damu?"

Mama alimtazama, akamtazama na yule wa mlangoni. "Hapana," akajibu haraka.

Chelimo akasoma mara ya pili. Aliomba kwa macho. Juu ya rafu, mita mbili tu kutoka alipoketi, aliiona chupa ya vidonge ya Alhamisi.

"Hapana. Mimi hapana shinikizwa na mtu. Mimi nafuata Nyayo ya Rais."

Alisoma mara ya tatu. Mama akaweka kibuyu chini kwa kishindo. "Hapana! Nimesema hapana! Chelimo, nani ametuma wewe?"

Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Herufi sita tu. Angelitamka, Jeconia angelisikia, naam, na fomu zingechanwa na kazi ya kudumu ingekwenda na upepo. Lakini mama angelisema Ndiyo. Chelimo alijiambia kwamba fomu moja kati ya maelfu haibadilishi kitu. Alijiambia kwamba Nicholas yupo, vidonge vipo, chupa ile pale imejaa nusu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akazungushia mbili, mviringo mzuri usiotikisika, akaruka.

Walipokuwa wakitoka, Nanzala alishuka garini kuomba maji ya kunywa. Alimtazama mama usoni, akatazama na mishipa ya shingo. "Supavaiza, huyu mama sipendi vile anakaa," akasema. "Nimpime? Ni dakika mbili."

"Alisema nini, Mwalimu?" Jeconia akauliza.

"Alisema Hapana," Chelimo akajibu.

"Basi tunaruka."

Jumamosi Chelimo alirudi Ziwa peke yake. Hata kabla ya kuketi alimuuliza mama yake, kwa lugha ya nyumbani, kwa nini hakumwambia yule bwana kuhusu presha.

"Presha?" mama akashangaa. "Nani aliuliza presha? Si mliuliza mambo ya siasa? Ungeuliza presha ningesema. Soko lote la Ziwa linajua mimi nina presha."

Chelimo alirudi Eldoret mbio siku ile ile. Jeconia alikuwa anafungasha. Masanduku ya fomu yalikuwa yamekwenda Nairobi tangu Ijumaa. Basi akaandika barua. Kurasa tatu, kwa ule mwandiko wake, akieleza neno moja lilivyowafunga midomo watu wa wilaya nzima, akawaomba wenye utafiti warudi waulize tena swali moja tu, kwa neno linalojulikana. Aliomba kwa jina la Mungu. Miezi minne baadaye ilikuja bahasha ya kahawia. Ndani yake hamkuwa na jibu, bali shukrani iliyopigwa chapa: karani Chelimo, fomu mia mbili na kumi na nne, makosa hakuna. Ile kazi ya kudumu haikutajwa, wala hakusikia habari zake tena.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata Nicholas aliitwa mjini na kupewa nakala ya ripoti. Aliporudi alimwonyesha Chelimo ukurasa wenyewe. Kwa mujibu wa utafiti, wakazi wa huku kwa kiasi kikubwa hawana tatizo la shinikizo la damu. Ripoti iliongeza kwamba pengine ni kwa sababu ya hewa safi ya nyanda za juu, maziwa mengi na kazi za shamba. Msomi mmoja huko alikuwa amekaa kitini akatafuta sababu ya afya njema ambayo haikuwapo! Boksi la vidonge likaelekezwa kwingine, kulikosema Ndiyo. Mashine ikafuata. Foleni ya Alhamisi ilikuja wiki tatu zaidi, ikakaa mbele ya dirisha lililofungwa, kisha nayo ikaacha kuja.

Chelimo alitafuta vidonge kila mahali. Alivifuata Eldoret katika maduka ya dawa, na Warigia alimgawia vyake vichache. Warigia hakujua ile mbili aliyozungushiwa ilikuwa imefanya nini. Chelimo alivipokea akashindwa kumtazama. Mama, akiona binti anavyohangaika, akaanza kuvikata vidonge katikati bila kumwambia mtu. Baadaye akawa anavikata mara nne.

Alianguka mwezi wa pili mwaka 1990, akikamua. Walimkuta ubavuni mwa ng'ombe, maziwa yamemwagika, upande wote wa kulia umekufa. Hospitalini mjini daktari alimuuliza Chelimo kama mgonjwa alikuwa na historia ya presha. "Ndiyo," akajibu, kwa sauti kubwa mno hata wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Ndiyo, ndiyo, alikuwa nayo." Daktari alisema ilikuwa vizuri kujua, ingawa sasa haisaidii sana.

Akarudishwa nyumbani baada ya mwezi mmoja. Chelimo aliacha chumba cha Yamumbi akahamia Ziwa kumlisha na kumgeuza. Mama alikuwa anaelewa kila kitu. Hilo lilionekana machoni. Lakini maneno yalikuwa yamemtoka. Lugha ya mama yake ilikwenda, nyimbo za kanisa zikaenda, majina ya watoto na ng'ombe yakaenda. Katika kichwa chote kile kibishi lilibaki neno moja, la jikoni kwa mzungu.

"Mama, una kiu?"

"Hapana," alisema, akafungua mdomo kunywa.

"Nikufunike?"

"Hapana." Na mkono mzima ukavuta blanketi.

Chelimo aliizoea hapana ile. Alijua ipi ni ndiyo ya njaa na ipi ni ndiyo ya uchungu. Lakini swali moja halikumpa raha, na asubuhi moja ya Alhamisi lilimshinda. Alikwenda rafuni, akaishika ile chupa tupu ambayo hakuwa na moyo wa kuitupa, akapiga magoti kando ya kitanda. Mlangoni hapakuwa na mtu. Aliuliza kwa Kiswahili, polepole, kwa neno linalojulikana.

"Mama. Je, umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kuwa una presha?"

Mama aliitazama chupa. Uso ukajaa, upande ule mmoja uliobaki hai, na macho yakamwagika machozi. Alitikisa kichwa kwa kukubali, juu chini, juu chini, kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Hapana," akasema. "Hapana. Hapana."

Mara tatu, kama sheria ilivyotaka. Chelimo alilaza kichwa kwenye blanketi akalia, akalia bila kujizuia, hadi ng'ombe akaanza kulia zizini kwa kuwa hakuwa amekamuliwa.